Makohozi ya Kuazima

Kama umepewa kikopo cha plastiki chenye mfuniko ukaambiwa ulete makohozi ya asubuhi, na umekificha ndani ya kanga ili majirani wasikione, basi nakuandikia wewe. Mimi nilikificha hivyo hivyo. Nilipita nacho sokoni Ifakara nikiamkia watu kwa mkono mmoja tu, mwingine umebana kwapa. Usinionee huruma, ugonjwa wangu umeisha. Nataka kukusimulia ujinga nilioufanya, kwa sababu ipo siku na wewe utashawishika kuufanya, nami sitaki.

Jina langu Skolastika. Ni mkulima wa Idete, mama wa watoto watatu, na mdomo wangu haujawahi kumwomba mtu ruhusa. Nilipougua, katikati ya miaka ya tisini, nilikuwa na miaka thelathini na tisa, mume anayeitwa Otmari, na shamba la mpunga la ekari mbili ng'ambo ya mto. Shamba hilo alilifyeka mama yangu kwa mikono yake akaniachia mimi. Si kaka zangu, si mume wangu. Mimi. Nalisema mapema kwa sababu kila nilichokifanya baadaye nilikifanya kwa ajili yake.

Kikohozi kilinianza wakati wa mavuno. Nilidhani ni vumbi la kupura mpunga, kwani nani asiyekohoa siku za kupura? Mavuno yakaisha, vumbi likatulia, mimi bado nakohoa. Nikanywa maji ya ndimu na asali. Nikanywa dawa ya maji ya dukani, chupa tatu. Nikanywa mizizi aliyoniletea shangazi kutoka Mahenge, michungu hadi machozi yanatoka. Kikohozi kikaniangalia tu.

Kisha mwili ukaanza kuniacha. Kila nikiamka shuka limelowa jasho kama limetoka kufuliwa. Blauzi zikaninging'inia mabegani. Siku moja naosha vyombo, pete ya ndoa ikateleza yenyewe ikaingia kwenye maji machafu, nikaitafuta kwa vidole huku nalia. Na makalio, ambayo niliyaringia tangu usichana, yakaondoka bila kuaga. Wewe cheka tu. Mimi wakati ule sikucheka.

Wifi yangu Kolumba, dada yake Otmari, ndiye aliyenitengea sahani. Ilikuwa siku ya komunio ya kwanza ya mtoto wa jirani, watu wamejaa uani. Akanipakulia pilau kwenye sahani ya bati aliyoikwaruza msalaba kwa msumari, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, "Wifi, hii ndiyo yako. Usichanganye na za wenzako." Watu walishaanza kunong'ona kwamba ni ule ugonjwa mwingine, ule ambao siku hizo hakuna aliyethubutu kuutaja jina. Nilikaa katikati ya uwanja, nikala pilau yote, nikaomba nyongeza. Sikuwa na hamu ya kula hata tonge moja, lakini ningekufa kabla ya kumwachia Kolumba wali kwenye sahani ile.

Oktoba nikapanda treni kwenda Ifakara. Hospitali, wagonjwa wa kikohozi tulikuwa na benchi letu kwenye baraza, upande wenye upepo. Benchi la watu sita tulikaa watatu, kila mmoja amemgeuzia mwenzake mgongo. Unasubiri kupimwa, unasubiri kikopo, unasubiri eksirei, kesho unarudi kusubiri majibu. Nilijifunza kuwatambua watu kwa vikohozi vyao kabla sijawajua kwa sura.

Hapo barazani ndipo nilipokutana na Nesi Tatu. Alikuwa binti mwembamba wa utafiti, na daftari lake lilikuwa kubwa kuliko kifua chake. Akaniamkia, "Shikamoo mama," nikaitikia marahaba, akaanza kuuliza. Tunalala wangapi chumba kimoja? Dirisha lina ukubwa gani? Nani anakula na mimi, nani anakohoa, mtoto mdogo ana umri gani?

"Ala!" nikamwambia. "Mnataka kuniposa?"

Akacheka. "Hapana mama. Tunataka kujua kwa nini wengine wanapona haraka na wengine dawa hiyo hiyo haiwaponyi. Tunawafuata wagonjwa mpaka nyumbani, tunaangalia na watoto wao. Ukikataa hakuna neno, dawa utapata vile vile."

Nikasaini. Nilipenda alivyosema naweza kukataa.

Majibu yalikuwa kifua kikuu, na si ule ugonjwa mwingine. Dawa ilikuwa ya miezi minane. Miwili ya kwanza ni kulazwa, sindano kila asubuhi na vidonge vya kujaza kiganja. Baada ya hapo unapimwa makohozi tena. Yakiwa safi, unapewa vidonge unakwenda navyo nyumbani na kurudi kuchukua vingine kila mwezi. Yakiwa bado na wadudu, unabaki mwezi mwingine wa sindano.

Sitakuficha, sindano zile zinauma. Nilikaa upande upande kwa wiki nane. Masikio yakawa yanavuma, mkojo ukawa rangi ya machungwa. Lakini wiki ya tatu nilisikia harufu ya maharage kutoka jikoni, mate yakanijaa mdomoni, nikalia tena, safari hii kwa furaha. Nilikuwa nimesahau njaa inavyokuwa.

Kitanda cha jirani kilikuwa cha Mama Hadija, mke wa mkata miwa wa kule Kidatu, mtu wa Kigoma kwa asili. Yeye anaswali, mimi nasali rozari, kisha tunakutana kwenye dagaa wake. Alikuwa ananisuka nywele zangu zilizobaki, akisema, "Mwanamke asisubiri kupona ndiyo apendeze." Nilimpenda sana yule mwanamke. Makohozi yake yalishakuwa safi, alikuwa anasubiri tu siku ya kuruhusiwa.

Desemba inaisha, Otmari akaja kunitazama. Viatu vyake vilikuwa na tope mpaka juu.

"Mama Beata," akaanza. Beata ni mtoto wetu wa mwisho, wakati ule ana miaka minne. "Mvua imeshika. Watu wote wamehamia shamba. Kolumba ameuliza kama lile lako aingie yeye."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia nitakuuliza."

"Ukamwambia utaniuliza! Otmari, mtu anaomba kumvua mkeo nguo, unamwambia ngoja nimuulize?"

Akatazama viatu vyake. Si mtu mbaya Otmari, ila hana mifupa mbele ya dada yake.

Ngoja nieleze, kwa msomaji asiye wa kwetu. Bondeni tunalima mbali na nyumba. Mvua zikianza, familia nzima inahama na sufuria na kuku, mnakaa kwenye dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya maji, mnapanda, mnapalilia, mnaamia ndege wasile mpunga mpaka mavuno. Shamba lisiposhikwa msimu mmoja linaota matete, na anayefyeka matete anaanza kuliita lake. Hakuna karatasi. Kuna jembe tu, na nani alionekana nalo mwaka jana.

Kipimo changu kilikuwa baada ya siku mbili. Nami nilijijua. Kila asubuhi bado nilitoa kitu kizito cha njano. Nikajiambia nimeshanenepa, homa imekwisha, hicho kilichobaki vidonge vitakimaliza. Nikamgeukia Mama Hadija.

"Mwenzangu, niazime."

"Nikuazime nini?"

Nikamwonyesha kikopo.

Akanitazama, akatazama kikopo, akashika mdomo. "Loh! Jana uliazima chumvi, leo makohozi? Wewe mwanamke una wazimu!"

Lakini ndivyo tulivyokuwa tukiishi mle wodini. Kijiko, kanga, sabuni, kila kitu kilikuwa cha kuazimana, na kumnyima mwenzako ilikuwa aibu. Nikamweleza habari za shamba. Na yeye mumewe ni kibarua asiye na hata kitalu cha mchicha, alijua maana ya ardhi. Akakichukua. Maskini, alishapona, hakuwa na makohozi. Alikohoa kwa bidii mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, yakapatikana kidogo, meupe, nikafunga mfuniko.

Majibu yakaja: safi. Nesi Tatu alifurahi akanishika mikono yote miwili. "Mama, umeona? Umefanya vizuri!" Nikatazama pembeni, nikamwambia asante mwanangu.

Nikarudi shamba. Wiki za kwanza, jamani, nilijiona mshindi. Nilipanda ekari zote mbili mimi na Otmari, na kila nilipompita Kolumba, ambaye shamba lake limepakana na langu, nilimwimbia wimbo wa kanisani kwa sauti ya juu makusudi. Vidonge nilikunywa, sikuruka hata kimoja. Lakini vilikuwa vidonge vya mtu aliyekwisha kushinda vita, na mimi vita yangu ilikuwa bado mbichi.

Februari homa ikarudi. Kikohozi nacho kikarudi kwa hasira. Siku moja nimeinama napalilia, nikakohoa, nikatema kwenye maji ya jaruba, maji yakawa mekundu kuzunguka magugu. Nikayavuruga kwa mguu ili Otmari asione. Nikaendelea kupalilia. Nisingelitamka jambo lile mbele ya Kolumba hata kwa kisu shingoni.

Kisha Beata akaanza kukohoa.

Kikohozi kidogo tu, kikavu, cha mtoto. Alikuwa analala na mimi kwenye dungu, pua yake shingoni kwangu, kama watoto wote wanavyolala. Nilipokisikia mara ya kwanza nilishika jembe nikashindwa kuliinua. Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku zote za hospitali.

Haikupita wiki, nikamwona mtu anavuka na mtumbwi, ameshika daftari juu ya kichwa lisilowane. Nesi Tatu. Alikuja kuangalia watoto wa nyumba, kama alivyosema tangu mwanzo. Alipanda dungu na tope mpaka magotini, akaniamkia, akanitazama usoni, akaacha kutabasamu.

"Mama, hii haiwezekani. Makohozi yako yalikuwa safi."

Nikamsogeza Beata mbele yake.

Akamsikiliza Beata, akampapasa shingo. "Mnarudi wote wawili. Leo."

Otmari akaanza, "Tungesubiri angalau palizi iishe, tuvune..."

"Tuvune nini? Tumvune Beata?" nikamkatiza. "Mtoto anakohoa na wewe unaniambia palizi!"

Kolumba alishafika mpakani, mkono kiunoni, kanga imeziba pua. "Nenda tu wifi, katibiwe. Shamba nitaliangalia mimi." Nilielewa vizuri sana maana ya kuliangalia. Nilisimama pale na mpunga wa mama yangu umenifika magotini, umepaliliwa nusu. Nilitaka kumrukia. Badala yake nikambeba Beata mgongoni, nikaingia kwenye mtumbwi, na sikutazama nyuma kwa sababu ningetazama ningeshuka.

Hospitali waliniandika upya, na wadudu walikuwa wengi. Baada ya siku chache nikaambiwa madaktari wanakutana Alhamisi kuwazungumzia wagonjwa waliowatatiza, na wanaomba nami niwepo. Nilikuta chumba kimejaa makoti meupe, vijana wengi wa kujifunza, na eksirei zangu tatu zimebandikwa kwenye mwanga kwa mpangilio. Hakuna aliyeniamkia. Nikasimama mlangoni, nikasema, "Hamjambo wanangu?" Wakashtuka, wakaniamkia wote kwa pamoja, ndipo nikakaa.

Daktari mkubwa akaeleza habari zangu kwa upole. Mwanamke, mkulima, alitumia dawa bila kukosa, makohozi yalisafika mwezi wa pili, ugonjwa ukarudi ndani ya wiki chache. Akasema huenda wadudu wa kifua changu wamezizoea dawa, akaliandika hilo ubaoni. Huenda mwezi wa pili si wakati mwafaka wa kuwaruhusu wagonjwa. Vijana wakaandika. Nesi Tatu naye alikuwa amekaa pembeni, anaandika, ameinamisha kichwa kama mtu aliyekosea hesabu na hajui wapi.

Nikamtazama yule binti. Nikawaza kuhusu mwanamke mwingine, wa Mngeta au wapi huko, atakayepewa dawa au kunyimwa kwa sababu ya uongo wangu ulioandikwa vizuri kwenye daftari. Nikawaza kuhusu Beata. Nikasimama.

"Dawa haikushindwa," nikasema. "Makohozi yale hayakuwa yangu. Niliazima."

Kijana mmoja akaanza kucheka, akajizuia.

"Uliazima kwa nani?" daktari akauliza.

"Hilo silisemi. Hata mkinifukuza sasa hivi silisemi. Andika jina langu peke yangu. Na ukimaliza kuandika hilo, andika na hili: niliazima kwa sababu mvua ilinyesha. Mmeniuliza dirisha langu lina ukubwa gani. Mmeniuliza nalala na nani. Hakuna aliyeniuliza nahamia shamba mwezi gani. Kosa ni langu, nalibeba, na mtoto wangu ananilipia. Lakini msije mkaandika kwamba Skolastika alikunywa dawa zikashindwa. Skolastika alidanganya."

Nikaketi. Daktari alivua miwani akaifuta. Kisha akasema, "Asante mama. Umetuokoa na kosa kubwa." Akafuta ubaoni alichokuwa ameandika.

Nje ya chumba Nesi Tatu alinisubiri, macho mekundu. "Mama, ulinidanganya mimi. Mimi niliyekushika mikono."

"Nisamehe mwanangu."

"Leo sitakusamehe," akasema, akaondoka zake. Nilimheshimu kwa hilo. Kesho yake alikuja kitandani na daftari, ameongeza mstari kwa kalamu, akaniuliza bila kunitazama, "Unahamia shamba mwezi gani, na unarudi lini?" Nikamjibu. Baada yangu akawauliza wanawake wote wa wodi, na wale ambao kipimo chao kiliangukia kwenye mvua wakaanza kupangiwa kuchukulia vidonge kwenye zahanati iliyo karibu na mashamba.

Lakini pia alianza kusimama mbele yako ukikohoa kwenye kikopo, macho yamekukazia, mpaka ufunge mfuniko. Wodi nzima ilinung'unika. Nami nikiulizwa ni kwa sababu ya nani, nilijibu, "Ni kwa sababu yangu. Kohoa."

Nilianza upya miezi minane, na safari hii hawakuniruhusu kutoka mpaka iishe. Sindano tena, masika yote, nikisikia mvua juu ya bati na kujua inanyeshea mpunga ambao sitaupura. Beata alipewa dawa zake. Wakati wa mavuno alikuwa amenenepa na kuwa mtundu, akawa anawaamrisha manesi. Otmari alikuja kila wiki mbili na samaki perege, na hakutaja shamba hata mara moja. Mama Hadija, aliyekuwa amesharudi Kidatu, alisikia habari kwamba sikumtaja. Akamkabidhi kondakta wa basi kilo mbili za sukari aniletee, na ujumbe: mwambie yule mwendawazimu asirudie.

Novemba nilikohoa mara ya mwisho mbele ya Nesi Tatu. Ilinichukua muda mrefu kupata chochote, naye akasubiri. Majibu yalipotoka hakunishika mikono. Alinikumbatia kabisa, mbele ya benchi zima, akaninong'oneza, "Sasa nimekusamehe."

Mwanzoni mwa Desemba nikavuka mto. Kolumba alikuwa kwenye shamba langu na jembe. Alishapanda upande wa chini, mistari imenyooka, nakiri. Aliponiona akavuta kanga akaziba pua.

"Nimepona, wifi."

"Wanasema hivyo wote."

Nikatoa karatasi ya hospitali. Akaitazama kwa mbali. Hajui kusoma, na nilijua. Nikaingia topeni, nikamfikia, akarudi nyuma, nikamshika kisogo kwa mkono huu wa kulia, sikumuumiza, nikamlaza sikio kifuani kwangu.

"Sikiliza."

"Niachie, Skola!"

"Sikiliza kwanza. Ukisikia kitu, nageuka naondoka, shamba ni lako."

Nikavuta pumzi ndefu, nikaitoa. Nikavuta nyingine. Aliacha kujitingisha. Ya tatu, ya nne. Kanga ikamteleza puani, hakuirudisha. Nilisikia pumzi yake ya moto inanigonga kifuani.

Akainua kichwa taratibu. Hakunitazama. "Huku chini nimeshapanda," akasema.

"Nimeona. Utavuna ulichopanda. Mwakani usinikanyagie shamba."

Akachukua jembe lake akavuka mpaka kwenda kwake. Mimi nikafunga kanga kiunoni, nikaanza upande wa juu, ambako matete yalikuwa marefu kuliko mimi.